Mstari uliofutwa na kompilateri: Linux, 2009

Historia ya ordinateri tunaisoma sana kupitia mashini kubwa na matajiri walioziuza. Leo nataka tuangalie mstari mmoja tu wa kodi. Uliandikwa, ulisomwa na watu wengi, lakini ndani ya mashini haukukuwako.

Tuanze na kompilateri, ile programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashini. Mwaka 1957, kikundi cha John Backus kule IBM kilitoa kompilateri ya FORTRAN. Waandishi wa wakati ule waliandika amri kwa mkono na hawakuamini kama mashini itaandika vizuri kama wao, kwa hiyo Backus na wenzake walihangaika sana na mwendo. Ndipo ikaanza tabia ya kutafuta amri zisizo na faida na kuziondoa. Frances Allen, naye wa IBM, aliipa kazi hiyo msingi wa kisayansi kuanzia miaka ya 1960.

Sasa turudi mwaka 2009. Ndani ya kerneli ya Linux kuna faili linaloitwa tun.c, la kadi za mtandao ambazo ni programu tupu, hazina chuma. Mwanzoni mwa mwaka ule uliongezwa mstari unaochukua kitu kwenye adresi iliyo ndani ya pointa «tun». Chini yake kulikuwa mstari wa ulinzi: kama tun ni sifuri, simama, rudisha kosa. Unaona shida? Kwanza unaingia ndani ya nyumba, kisha njo unauliza kama nyumba iko.

Peke yake, kosa hilo lingeangusha mashini, basi. Lakini kanuni ya lugha ya C, tangu ile ya mwaka 1989, inasema kwamba mwanaprogramu akisoma kwenye pointa ya sifuri, kompilateri haina deni lolote kwake. GCC ikatumia ruhusa hiyo: tun imeshatumika hapo juu, kwa hiyo haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo ulinzi hauna kazi. Ikaufuta, bila onyo hata moja.

Mwezi wa saba, Brad Spengler alionyesha matokeo yake. Kwenye mashini nyingi za Linux, mtumiaji wa kawaida aliweza kupata njia ya kuweka data zake kwenye adresi sifuri yenyewe. Hapo kerneli haianguki, inasoma alichoweka yule mtu, na ulinzi hauko tena. Mtu anaingia kama mtumiaji mdogo, anatoka bwana wa mashini yote.

Kukamata kosa la namna hii kunachosha, juu kodi unayosoma iko sawa. Ukiongeza mstari wa kuchapisha thamani ili uone kinachoendelea, kompilateri inaweza kupanga mambo upya na kosa likajificha. Unabaki kujenga programu mara mbili, mara moja bila optimizasio na mara moja nayo, kisha unashuka kwenye amri za mashini zenyewe kutafuta ule ulinganisho na sifuri.

Nani mwenye kosa? Watu wa kompilateri walishika kanuni, watu wa kerneli walikasirika. Kwangu, kosa la kwanza ni la mpangilio wa mistari, hilo halina ubishi. Lakini kompilateri inayotoa ulinzi kimya kimya nayo iko na sehemu yake. Tena si kila mara mwanaprogramu njo mkosaji: mwaka 2011 watafiti wa Universite ya Utah, pamoja na John Regehr, walitangaza kazi ya Csmith, programu inayotunga kodi za C kwa bahati nasibu na kulinganisha majibu ya kompilateri mbalimbali. Walipata makosa zaidi ya 325 yasiyojulikana kabla, na kila kompilateri waliyoipima ilikutwa imetoa amri zisizo sahihi kwa kodi isiyo na kosa.

Kwa tun.c, wenye Linux waliteremsha ule mstari chini ya ulinzi. Halafu, mwezi uleule, waliongeza kwenye ujenzi wa kerneli opsio inayoitwa -fno-delete-null-pointer-checks, ya kuikataza GCC kufuta ulinzi wa aina hiyo. Ukifungua Makefile ya Linux leo, bado utaikuta pale.