Kulala Mbali, Kula Nyumbani: Utengano na Ukomavu wa Mtoto

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu Tanzania alitoa waraka uliositisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Katazo lenyewe naliunga mkono. Ninachokipinga ni dhana iliyoshamiri katika mjadala uliofuata: kwamba mtoto hukomaa kadiri anavyokaa karibu na wazazi, na kila usiku anaolala kwingine ni hasara kwake.

Kwamba mtoto mchanga anahitaji mlezi wa kudumu silibishi; daktari wa akili John Bowlby alilieleza katika ripoti yake ya 1951. Kosa ni kuitandaza hoja ya utoto mchanga juu ya utoto mzima. Kitabu cha mtaalamu wa tiba ya saikolojia Joy Schaverien cha 2015 kuhusu majeraha ya shule za bweni za Uingereza kinaeleza maumivu ya kweli. Lakini ushahidi wake mwingi unatoka kwa watu waliokwenda kutafuta tiba. Waliotoka salama hawakubisha hodi mlangoni kwa mtaalamu. Kuwahukumu watoto wa Rungwe, mkoani Mbeya, kwa ushahidi huo ni uzembe wa kitaaluma.

Na Rungwe ina ushahidi wake. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa huko miaka ya 1930 na kuchapisha *Good Company* mwaka 1951, alieleza vijiji vya marika. Mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake hadi kufikia miaka kumi au kumi na moja, kisha akawaachia wadogo zake kazi hiyo, akashika jembe. Wakati huohuo alihama nyumba ya wazazi akaenda kujenga kibanda na wenzake wa rika, pembeni mwa kijiji cha baba zao. Usiku hapakuwa na mtu mzima wa kuamua ugomvi wala wa kuziba paa linalovuja. Lakini mchana alilima shamba la baba, na chakula alikula kwa mama, tena si peke yake: kundi zima lilikula kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Utengano huu, basi, ulikuwa nusu. Kijana alipewa mamlaka juu ya usiku wake bila kunyang'anywa nafasi yake nyumbani, na kwa kuwapeleka wenzake kwa mama yake alijifunza kuwajibika kwa watu wasio ndugu zake.

Bweni la leo limepindua kila kipengele. Mtoto hukatwa na shamba na jiko la kwao, kisha kengele humwamulia saa ya kuamka, kula na kulala. Yuko mbali, lakini haamui lolote.

Wapo wanaosema Wilson alilainisha mno picha yake. Huenda; hata hivyo kiini, yaani wavulana kulala vibandani mwao na kula kwa mama zao, kinabaki. Pingamizi zito zaidi ni la wasichana. Wao hawakuwa na kijiji cha rika. Wilson mwenyewe anaonyesha kwamba walichumbiwa kabla ya kuvunja ungo na kuanza mapema kwenda kwa waume. Kwao kuondoka nyumbani kulikuwa kuhamia chini ya amri ya mwingine. Jambo hili linanilazimu kuwa makini, lakini haliivunji hoja: umbali peke yake haukomazi. Kinachokomaza ni madaraka halisi yanayoandamana na mlango wa nyumbani ulio wazi.

Kwa kigezo hicho, bweni la darasa la tano, ambalo waraka uliliacha, lina kasoro ileile ya lile la darasa la tatu. Na wanafunzi wa shule za kata wanaopanga mageto, yaani vyumba vya kuishi wenyewe, karibu na shule wako katika hali ya kinyume: madaraka wanayo tele, jiko la mama hawana, na wasichana ndio wanaoumia zaidi. Tumezoea kuwatazama kama tatizo la upungufu wa hosteli tu. Nadhani wao ndio wanaostahili utafiti kwanza, kabla hatujajenga hosteli nyingine yenye kengele.