Perege Dume na Baridi ya Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na kwa kuwa mji wa Sumbawanga uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Rukwa liko chini yake kwa takriban meta 1,000, tofauti ya joto la maji ni kubwa. Samaki wa Ziwa Tanganyika hawawezi kuukwea Mto Kalambo hadi uwandani, kwa sababu maporomoko yake yana kimo cha zaidi ya meta 200. Na magege, perege wa asili wa Rukwa aliyeelezwa kisayansi na Hilgendorf na Pappenheim mwaka 1903, ni samaki wa maji ya joto ya bondeni.

Serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya ufugaji wa perege Tanganyika mwaka 1949, huko Korogwe na Malya, na kufikia mwaka 1968 mabwawa yaliyohesabiwa nchini yalikuwa kama 8,000, ingawa mengi yalikuwa madogo na mavuno yake hafifu. Lakini samaki kubaki hai bwawani hakutoshi; swali zito ni hali ya dume.

Perege dume aliyekomaa hubadilika rangi, huchimba kwa kinywa shimo la mviringo kwenye mchanga au tope, na hulilinda dhidi ya madume wenzake. Jike hutaga humo, huyaokota mayai kinywani, naye dume humwaga manii, yaani majimaji yenye mbegu za kiume. Kazi yote hiyo hutegemea homoni, na homoni hutegemea joto: maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi, kuzaliana kwa perege hupungua sana au husimama, hata kama samaki mwenyewe anaendelea kuishi. Katika bwawa la pwani tatizo ni kinyume chake, kwani perege huzaa wakiwa bado wadogo, bwawa hujaa vifaranga, na wote hudumaa.

Dawa ya kudumaa huko ilipatikana mbali na Afrika Mashariki, ingawa dume mwenyewe alitoka huku. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Hickling alieleza jinsi, huko Malacca katika Malaya, perege dume wenye asili ya Zanzibar walivyopandishwa na majike wa aina nyingine, wakazaa watoto madume watupu. Baadaye vituo vya kutotoleshea vifaranga vilizoea kuwalisha wachanga homoni ya kiume, methiltestosteroni, kwa wiki tatu hadi nne, ili karibu wote wakue madume.

Kwa Ufipa, njia hizo za kujaza mabwawa madume zina uzito wa pekee. Dume asiyezaa kwenye baridi ya mabwawa ya juu hajapoteza uwezo wake daima, maana mito ya ukingo wa mashariki hutelemka hadi bondeni, na mafuriko yakimtoa bwawani anaweza kufika kwenye maji ya joto anamoishi magege, akapandana na majike wake. Katika Ziwa Rutamba, mkoani Lindi, perege wageni wamekwisha kuchanganyika kwa uzazi na perege wa asili, na chotara aliyeenea ziwani hakuna wavu wa kumtenga tena.