Sabuni na Maji Magumu: Kutoka Njombe hata Tanga

Historia ya sabuni aghalabu huandikwa kwa habari za viwanda na bei. Lakini maji nayo yana sehemu yake. Nchi ya Njombe imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Mvua zake ni nyingi, na mito yake, kama Ruhuji, hupita juu ya miamba isiyoyeyuka upesi. Kwa hiyo maji yake ni laini, na kipande kidogo cha sabuni chatosha kufanya povu tele.

Tangu mwaka 1944 SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge, kiliandikisha vibarua katika nyanda za kusini, na Wabena wengi wakashuka hata Tanga. Huko, hasa upande wa Amboni palipo mapango mashuhuri, ardhi ni ya mawe ya chokaa, na kisima kilichochimbwa katika mawe hayo hutoa maji magumu. Chokaa iliyoyeyuka huishika sabuni, ikawa utando mweupe usiosafisha kitu, tena hung'ang'ania nguo. Kwa hesabu ya kemia, debe moja la maji yenye miligramu 300 za chokaa katika kila lita hula kiasi cha gramu 30 za sabuni kabla povu halijasimama. Kwa mtu wa ujira haba, hiyo ni kodi isiyoandikwa, ilipwayo kila siku ya kufua.

Dawa zilitafutwa mapema. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Mwaka 1841 Thomas Clark wa Aberdeen alionyesha kwamba chokaa iliyozimwa, ikipimwa sawasawa, huitoa chokaa iliyomo majini, zote zikatuama pamoja. Wakati wa vita, mwaka 1916, Wajerumani waliokosa mafuta walibuni kisafishio kisicho sabuni. Na mwaka 1946 Marekani ilitoa Tide, unga wenye fosfeti za kuifunga chokaa. Baadaye fosfeti hizo zilirutubisha magugu ya maziwani, na nchi nyingi zikazipunguza.

Leo sabuni ya unga imeenea hata Makambako, njia ya Songea ikutanapo na barabara kuu na reli ya TAZARA. Lakini ugonjwa ulioletewa dawa hiyo si wa mito ya Njombe. Afuaye kwa maji laini atumie unga kidogo; akizidisha, atapoteza fedha, na maji mengi ya kusuuzia.