Jiwe la Shinkolobwe: namna madini ya Katanga iliingia katika fizika, kemia na kazi ya waganga

Wasikilizaji wengi wa Katanga wanajua jina la Shinkolobwe juu ya jambo moja: bomu ya atomiki. Ni kweli, sehemu kubwa ya uraniumu ya ile bomu ilitoka huko, karibu kilomita 20 kutoka Likasi. Lakini kuna historia nyingine ambayo watu hawasimulii sana. Kwa karibu miaka 20 mbele ya bomu, wenye kuchimba Shinkolobwe hawakutafuta uraniumu. Walitafuta kitu kidogo sana kilichofichama ndani yake, kinaitwa radiumu, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa lopitali. Uraniumu yenyewe ilikuwa karibu takataka.

Katika ukurasa huu tunaeleza ile historia, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano muzuri wa namna wataalamu wa fizika, wa kemia na wa dawa wanahitajiana. Pili, mawe yale hayajaisha, na watu wangali wanaishi karibu nayo.

Kwanza fizika: mionzi pasipo moto

Mwaka 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ambayo inapita ndani ya nyama ya mwili na kuonyesha mifupa. Ndiyo ile mionzi ya radiografia ambayo tunajua mpaka leo. Mwaka uliofuata, kule Paris, Henri Becquerel alitaka kujua kama kuna mawe yanayotoa mionzi ya namna ile yakipigwa na jua. Alifunga bamba la picha katika karatasi nyeusi, akaweka juu yake chumvi ya uraniumu. Siku zile kulikuwa mawingu, basi akaweka vyote ndani ya droo. Alipofungua na kusafisha picha, akakuta bamba limepigwa alama. Hakukuwa jua, hakukuwa moto, hakukuwa umeme. Uraniumu ilikuwa inatoa mionzi yenyewe, usiku na mchana.

Mwanamke mmoja mzaliwa wa Warsaw, Marie Skłodowska Curie, akachukua ile kazi kwa ajili ya masomo yake ya udaktari. Hakutumia picha. Alitumia chombo cha kupima umeme mdogo sana, ambacho mume wake Pierre Curie na kaka yake Pierre, Jacques, walikuwa wametengeneza. Kupima ndiko kulibadilisha mambo. Marie aliona kwamba jiwe fulani lenye uraniumu, linaitwa pechiblendi, lilitoa mionzi mingi kuliko uraniumu safi. Namna gani jiwe lipite uraniumu iliyo ndani yake? Jibu lilikuwa moja tu: ndani ya jiwe mulikuwa kitu kingine, ambacho mutu hajakiona bado. Mwaka 1898, mwezi wa 7, Marie na Pierre walitangaza poloniumu. Mwezi wa 12, wakatangaza radiumu.

Kisha kemia: tani za mawe juu ya chembe ya chumvi

Kutangaza haikutosha. Watu wa kemia walisema: tuonyesheni, tupime uzito wake. Hapo ndipo kazi ngumu ilianza. Marie Curie alichukua tani za mabaki ya pechiblendi kutoka Bohemia, iliyokuwa wakati ule ndani ya ufalme wa Austria. Alisaga, akachemsha, akachuja, akaacha chumvi igande, akarudia tena na tena. Mwaka 1902 alipata karibu sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiumu.

Juu ya nini kidogo hivyo? Sababu uraniumu inageuka polepole. Atomu yake inatupa kipande, inakuwa atomu nyingine. Ile nayo inatupa kipande, na kuendelea hivyo mpaka kufika kwa risasi, ile metali nzito ambayo haigeuki tena. Radiumu ni kituo kimoja tu katika safari ile. Nusu ya uraniumu ya kawaida inahitaji miaka miliari 4,5 ili igeuke. Nusu ya radiumu inahitaji miaka karibu 1600. Kwa hiyo, katika tani moja ya uraniumu ya jiwe la zamani, kuna karibu theluthi moja ya gramu ya radiumu, si zaidi.

Ernest Rutherford na Frederick Soddy, waliofanya kazi pamoja kule Montreal, Canada, ndio walieleza kwamba elementi moja inaweza kugeuka kuwa nyingine. Kwa mutu wa kemia wa wakati ule, ilikuwa neno la kushangaza kabisa.

Marie Curie alipata tuzo ya Nobel ya fizika mwaka 1903, pamoja na Pierre na Becquerel, kisha ile ya kemia mwaka 1911, yeye peke yake.

Katanga inaingia

Mwaka 1915, Mwingereza mmoja wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, Robert Rich Sharp, aliona mawe mazito yenye rangi kali pale Shinkolobwe. Vita vilikuwa vinaendelea Ulaya, kwa hiyo uchimbaji ulianza mwaka 1921 tu. Mawe yalipanda gari-moshi na meli mpaka Ubelgiji, na kiwanda cha Olen kilianza kutoa radiumu mwaka 1922.

Madini ya Katanga ilikuwa na utajiri ambao haujaonekana mahali pengine. Kule Marekani, kampuni zilichimba mawe yenye uraniumu kidogo sana. Shinkolobwe, mawe mazuri yalikuwa na zaidi ya nusu ya uzito wake ni uraniumu. Bei ya radiumu ikashuka, na migodi ya radiumu ya Marekani ikafunga milango. Mpaka Wakanada walipoanza kutoa yao katika miaka ya 1930, Wabelgiji walikuwa karibu peke yao sokoni.

Shinkolobwe iliingia vilevile katika vitabu vya mawe. Alfred Schoep, profesa wa Ghent, alichunguza mawe ya manjano, ya kijani na ya rangi ya machungwa kutoka huko, akakuta aina ambazo hazikuwa na jina. Alizipa majina ya wataalamu: curite, becquerelite, soddyite, sklodowskite. Jina Kasolo, la mahali palepale, likabaki katika jiwe linaloitwa kasolite. Lakini wachimbaji weusi waliobeba yale mawe kwa mikono hawakupewa jiwe lolote lenye jina lao, na hawakuelezwa kitu wanachobeba.

Radiumu kwa munganga: dawa na sumu

Hatari ya radiumu ilionekana mapema. Mwaka 1901 Becquerel alitembea na kichupa cha radiumu mfukoni, na ngozi yake ikaungua. Pierre Curie naye alijaribu kwa kusudi juu ya mkono wake. Kutoka kwa kidonda kile waganga walipata wazo: kama radiumu inaua nyama nzima, basi inaweza kuua kansere pia. Chembe za kansere zinazaana haraka, na mionzi inaziharibu wakati zinapojigawanya. Wakaanza kuweka radiumu katika sindano na vichupa vidogo, na kuziingiza karibu na uvimbe. Kwa kansere ya mlango wa kizazi hasa, wanawake wengi walipata msaada. Radiumu ya Katanga ilikuwa ndani ya lopitali nyingi za Ulaya na Marekani.

Lakini tazama upande mwingine. Katika miaka ya 1910 na 1920, kule Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka rangi yenye radiumu juu ya saa, ili namba zing'ae usiku. Walifundishwa kuchonga burushi kwa midomo yao. Kila mara walimeza kidogo. Baada ya miaka, taya zikaoza, damu ikapungua, wengi wakafa.

Kemia inaeleza juu ya nini. Katika jedwali la elementi, radiumu iko katika safu moja na kalsiumu. Mwili unaona radiumu, unazania ni kalsiumu, unaipeleka katika mifupa. Pale inabaki na kupiga mionzi kutoka ndani. Marie Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na madaftari yake ya kazi yangali yanatoa mionzi.

Jambo la kushangaza ni kwamba sababu ileile iliyoua wale wasichana inatumika leo kutibu. Aina moja ya radiumu, radiumu 223, inapewa wanaume ambao kansere ya tezi dume imefika katika mifupa. Inaenda kwa mifupa kama kalsiumu, inapiga kansere kwa karibu sana, na inaisha nguvu kwa haraka: nusu yake inageuka katika siku karibu 11.

Zile sindano za zamani lopitali ziliziacha. Kuanzia mwaka 1951, Canada ilianza kutibu kwa kobalti 60, inayotengenezwa kwa kuweka kobalti ya kawaida ndani ya mtambo wa nyuklia. Leo kuna mashine za umeme pia. Lakini mashine hizi ni chache sana katika nchi yetu, nchi inayotoa kobalti kuliko nyingine yote duniani.

Kutoka takataka mpaka bomu

Mwishoni mwa 1938, kule Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipiga uraniumu kwa chembe za neutroni, wakakuta bariumu. Lise Meitner na Otto Frisch walieleza: atomu imepasuka vipande viwili. Ile takataka ya radiumu ikawa mali. Mwezi wa 8 mwaka 1939, Albert Einstein alimwandikia Rais Roosevelt na kumwambia kwamba chimbuko kubwa la uraniumu liko Kongo ya Wabelgiji.

Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma zaidi ya tani 1000 za madini New York mwaka 1940. Mwaka 1942, jeshi la Marekani likainunua yote na kuomba nyingine. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, Hiroshima ikaungua.

Mwaka 1959, iniversite ya Lovanium, leo Iniversite ya Kinshasa, iliwasha mtambo mdogo wa nyuklia wa utafiti, Trico I, wa kwanza Afrika. Rektori wake, Monseigneur Luc Gillon, alikuwa padri na mutu wa fizika. Mtambo wa pili, Trico II, ulifuata katika miaka ya 1970.

Mambo ya kujua kama unaishi karibu na Shinkolobwe

Mbele ya uhuru, Wabelgiji waliziba visima vya mgodi kwa betoni. Lakini watu walirudi kuchimba kwa mikono, si juu ya uraniumu, bali juu ya kobalti na shaba. Mwezi wa kwanza mwaka 2004, serikali ilikataza uchimbaji pale kwa dekreti. Mwezi wa 7 mwaka uleule, shimo lilibomoka na kuua watu wasiopungua 8. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika, wakaonya juu ya mashimo yanayobomoka na juu ya mionzi ambayo mutu anapokea kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Kobalti yenyewe ya ardhini haitoi mionzi. Hatari ya Shinkolobwe ni kwamba iko pamoja na uraniumu katika jiwe moja, na jicho haliwezi kutenganisha. Mionzi haina harufu, haina joto, haina ladha. Ni chombo cha kupima tu kinachojua.

Kwa hiyo shika haya:

Vumbi ni adui kuliko jiwe. Mionzi mingi ya uraniumu haipiti ngozi, lakini ukivuta vumbi au ukila na mikono michafu, inapiga kutoka ndani. Uraniumu ni sumu ya figo pia. Usitwange mawe nyumbani, na kitambaa puani hakitoshi kuzuia vumbi laini.

Radiumu inatoa gazi inayoitwa radoni. Inajaa katika mashimo na nyumba zisizo na hewa, na inaleta kansere ya mapafu. Kwa mvuta sigara, hatari inazidi. Usijenge nyumba kwa mawe au mchanga wa mgodi, na usilale karibu na mifuko ya madini.

Nguo za shimoni zisiingie kitandani kwa watoto. Oga mbele ya kula na mbele ya kubeba mtoto.

Mutu akikuletea chombo kizito na kusema ni uraniumu ya kuuza, usinunue na usifungue. Mara nyingi ni wizi. Kama si wizi, ni hatari. Ukiona alama ya manjano na nyeusi yenye mabawa matatu, toka hapo na ujulishe wakubwa wa mahali. Huduma ya serikali inayohusika na kinga ya mionzi inaitwa CNPRI.

Na kama umechimba kule miaka mingi na sasa unakohoa bila kupona, mwambie munganga mahali ulipofanya kazi. Asipojua, hataulizia mapafu yako jambo lile linalopaswa kutafutwa.