Virusi vya West Nile: jina moja, ukali tofauti

Virusi vya West Nile viligunduliwa mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa, wilayani West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hifadhi yake ni ndege, na husambazwa na mbu, hasa wa jamii ya Culex.

Hata hivyo aina zake hazilingani. Kunjin, aina ya Australia iliyotambuliwa Queensland mwaka 1960, kwa miaka mingi ilidhuru watu wachache tu. Aina iliyozuka New York mwaka 1999 iliua ndege na watu, ikaenea Marekani.

Mwaka 2011, baada ya mafuriko, mamia ya farasi waliugua kusini-mashariki mwa Australia, likiwemo jimbo la New South Wales, ambalo mji wake mkuu ni Sydney. Maabara ziligundua Kunjin iliyobadilika kinasaba na kuwa kali zaidi.

Ili mbu aambukize, sharti virusi vipenye utumbo wake na kufikia tezi za mate. Badiliko dogo la kinasaba laweza kuirahisisha safari hiyo, au kuizuia.

Farasi wana chanjo. Binadamu bado hana. Kinga yake ni kujihadhari na mbu.