Siku ya posho, siku ya shamba: chakula cha jamaa katika Kolwezi

Neno moja linaweza kubeba historia nzima. Mu Kolwezi, mtoto akisimama mbele ya mwalimu anasema "Jumamosi", lakini akirudi nyumbani anasema siku ya posho. Siku inayofuata ni siku ya Mungu. Mwisho wa juma wetu, ule ambao vijana wanauita wikendi, umekaa kati ya maneno hayo mawili. Tunapenda kuonyesha hapa kwamba kuna neno la tatu lisiloandikwa katika kalenda, nalo ni shamba.

Wako wanaosema: kwenda shamba siku ya posho ni mambo ya taabu tu, yalikuja siku kampani ilipoanguka. Wengine wanasema: hapana, ni desturi ya mababu. Sisi tuliosoma kidogo na kusikiliza wazee tunaona kila upande umeshika kipande. Tuanze na mababu.

1. Mbele ya kambi

Inchi hii ilijulikana kwa shaba mbele Wazungu hawajafika. Wazee wa Basanga waliiita kazi ya kuyeyusha "kula mukuba", yaani kula shaba, na mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne wa Elisabethville aliandika makala juu ya walaji hao wa shaba. Jambo moja linatuhusu hapa: kazi ile haikufanywa mwaka mzima. Batu walilima kwanza, wakavuna mtama, na kiangazi kilipoingia ndipo jamaa zikahamia karibu na vilima vya madini. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota na kuosha mawe ya kijani mtoni. Mvua zilipokaribia, kila mtu alirudi ku mugini kushika jembe.

Kwa hiyo shamba ndilo lililopanga wakati wa madini. Chakula kilitangulia, shaba ikafuata. Msomaji aweke jambo hili akilini, kwa sababu karne ya ishirini ililigeuza juu chini.

2. Kambi na posho

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea kusini, na pamoja na mashine ilileta unga wa mahindi kutoka Rhodesia. Wafanyakazi wa kwanza walikaa miezi michache, kisha wakaenda zao. Wengi walikufa kwa magonjwa. Kuanzia mwaka 1927 na 1928 kampani ilibadili siasa yake: mkataba wa miaka mitatu, mfanyakazi aje na bibi yake, watoto wazaliwe kambini. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya machimbo ya magharibi.

Hapo ndipo posho ilipotawala. Neno lenyewe ni la zamani. Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya kutoka pwani ya Uswahili ilitumia neno hilo kwa chakula cha wapagazi. Uganda leo posho ni bukari yenyewe. Kwetu lilikuwa fungu la juma: unga, maharagwe, karanga, samaki mkavu au nyama, mafuta ya ngazi, chumvi. Mama alisimama kwenye mstari na kikapu, karani akaangalia karatasi: mume mmoja, bibi mmoja, watoto wangapi. Siku ya kugawa ikawa jina la siku. Hata ndugu zetu wanaosema Lingala wana neno hilo hilo, mposo, kwa maana ya juma.

Tufahamu vizuri maana yake. Mtu aliyetoka kwa Baluba, Kasai, Lomami, Rwanda au kwa Batshokwe alikuwa na chakula chake: muhogo, mtama, uwele, ndizi. Kambini wote walipewa unga mweupe wa mahindi. Bukari tunayoiita leo "chakula cha kwetu" ilipata nguvu yake kubwa katika mstari ule. Hatusemi hivyo ili kuidharau. Tunasema ili tujue kwamba desturi pia ina tarehe ya kuzaliwa.

Lakini mboga hazikukubali kuwa za kampani. Pembeni ya kambi, nyuma ya nyumba na kando ya mito, wamama walipanda matembele, lengalenga na muhogo wa majani. Katika fuaye walifundishwa kushona na kupika kwa namna ya Wazungu. Nyumbani kinu kiliendelea kulia. Jirani alifundisha jirani: majani yale yale ya muhogo yanaitwa sombe kwa Waswahili, matamba kwa watu wa Kasai, pondu kwa wasemaji wa Lingala, na kila mmoja ana kiasi chake cha mafuta na cha karanga. Chungu cha Kolwezi kilichanganyika namna hiyo.

3. Gunia lilipokauka

Kampani ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, kisha ikaitwa Gécamines. Desturi ya kulisha mfanyakazi iliendelea: gunia la unga, kantini, hospitali, shule. Vita vya Mei 1978 vilitikisa mji, lakini kazi ilirudi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Kisha mambo yakafuatana kama mawe yanayoporomoka: mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, uporaji ulikuja mwaka 1991, na mwaka 1992 hadi 1993 jamaa nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa. Batu walilala siku nyingi kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Walipoondoka, vyungu vingi vya jirani viliondoka pia. Mwaka 1994 shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka mpaka tani karibu 30,000.

Mshahara ulikawia miezi na miezi. Gunia halikuja tena. Ndipo mji mzima ulipogeuka kuangalia pori. Siku ya posho asubuhi barabara zilijaa baiskeli, majembe, mitungi ya maji, watoto juu ya mabega. Mwalimu, karani, fundi wa umeme, wote walilima. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa depa volontere uliosaidiwa na Banki ya Dunia, na wengi wao waliweka sehemu ya pesa ile ndani ya shamba. Siku iliyoitwa kwa jina la fungu la kampani sasa ikawa siku ya kujitafutia fungu.

Hapa tunaona jambo ambalo historia za migodi hazisemi sana. Posho iliandikwa kwa jina la mume. Bibi alihesabiwa chini yake. Muhogo haukuandikwa kwa jina la mtu. Mwanamke aliyejua mbegu, udongo na saa ya kupalilia ndiye aliyekuwa na neno. Baba aliyezoea kuleta gunia alijifunza kuuliza: "Mama, leo tunaanza wapi?" Nyumba nyingi zilisimama kwa sababu alikubali kuuliza.

4. Siku mbili ku shamba

Kwa msomaji kijana, tueleze namna jamaa ilivyopanga mwisho wa juma. Mahindi yanapandwa mvua zikianza, Novemba. Desemba na Januari ni kupalilia. Aprili na Mei ni kuvuna. Siku ya posho jamaa inaondoka mapema. Wakubwa wanalima mpaka jua liwe kali. Watoto wanatumwa kuokota kuni na bowa, maana uyoga unapenda mvua hizo hizo. Wakati wake ukifika, wanatafuta finkubala, viwavi vya porini, vinavyotolewa matumbo, vinachemshwa na kukaushwa. Jioni moto unawashwa kati ya mawe matatu, na hapo watoto wanapata shule nyingine: jina la mti, jina la babu, kwa nini shangazi fulani haongei na fulani. Siku ya Mungu wengine wanasali karibu na kijiji, wengine wanarudi mjini na mzigo.

Vyakula vitatu tunavitaja kwa sababu vinatengenezwa vizuri kama kuna muda, na muda ndio mali ya shamba.

Sombe: majani mabichi yanatwangwa mpaka yalainike, yanachemshwa kwa muda mrefu, kisha mafuta ya ngazi, kitunguu, karanga au samaki mkavu. Ukiharakisha, inabaki na ukali, na ukali huo si ladha tu, ni sumu ya muhogo ambayo moto na maji vinaitoa.

Munkoyo: uji wa mahindi unapikwa, unapoa, halafu mizizi ya munkoyo iliyopondwa inaingizwa ndani. Mizizi inavunja wanga na kuufanya kuwa sukari, hivyo kesho yake kinywaji ni kitamu bila kuongeza kitu.

Kikanda: viazi vidogo vya maua ya porini vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga mpaka vishikane na kukatwa vipande kama nyama. Chakula hiki kinapendwa hata Zambia, na ndiyo hatari yake, kwa maana kila kiazi kinachochimbwa ni ua lisilorudi. Tanzania ilifanya uwanda wa Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na uchimbaji wa viazi hivyo ulikuwa moja ya sababu.

5. Swali la leo

Tangu Kodi ya Madini ya 2002 kampani nyingi zimeingia. Tangu 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa Jimbo la Lualaba. Pesa imerudi kwa baadhi ya watu, lakini ardhi imepungua kwa wengi. Fasi iliyokuwa shamba inazungushiwa uzio. Jamaa inakwenda mbali zaidi, au inaacha. Wenye gari wanakwenda kando ya ziwa la Nzilo kula samaki aliyepikwa na mtu mwingine. Hilo si kosa. Ila mtoto anarudi ameshiba bila kujua samaki alitoka wapi.

Kuna na swali la afya. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana mwilini. Mama wa zamani aliuliza sokoni: "Sombe hii ya leo?" Leo lazima aulize pia: "Ililimwa wapi?"

Na bukari yetu bado inategemea unga wa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2024 ukame ulipoharibu mahindi ya Zambia, njaa yao ilisikika ndani ya vyungu vyetu. Tumetoka katika mstari wa kampani, lakini gunia bado linatoka kule kule kusini.

Methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Migodi imekaa kwetu zaidi ya miaka mia moja na bado inahudumiwa kama mgeni. Tunawaomba wenye mamlaka, kila ramani ya madini inapochorwa, mashamba ya jamaa yachorwe kwanza, kama mababu walivyovuna kwanza ndipo wakala mukuba. Na wazazi tunawaomba kitu kidogo: mwezi hata mara moja, siku ya posho, mpeleke mtoto fasi yenye udongo, mpeni jembe lake, na jioni akae karibu na chungu mpaka sombe iive.