Mguu Uliopikwa kwa Fundi wa Tairi

Akala hazihitaji maelezo. Tairi kuukuu, kisu kikali, misumari kadhaa, na una kiatu kitakachokuchosha wewe kabla hujakichosha. Sasa sikia hii: mmoja wa miguu bandia maarufu zaidi duniani ulizaliwa kwa akili ya aina hiyo hiyo, mjini Jaipur, India, mwaka 1968.

Wakati huo miguu bandia ilikuwepo, tena ya kisasa. Shida ni kwamba ilibuniwa na watu wanaokaa kwenye viti na kuvaa viatu. Kifundo hakikunjiki vizuri, na mguu wenyewe lazima uvalishwe kiatu. Mkulima wa Rajasthan anachuchumaa chooni, anakula akiwa ameketi chini, anaingia shambani peku na hekaluni hawezi kuingia na viatu. Kwa hivyo watu walikuwa wanapewa mguu, wanashukuru, wanafika nyumbani, wanauweka kando na kurudia gongo lao. Daktari angesema mgonjwa ni mkaidi.

Katika hospitali ya Sawai Man Singh kulikuwa na fundi aliyeitwa Ram Chandra Sharma, mtu wa kazi za mikono ambaye shule hakwenda nayo mbali. (Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo kwenye hadithi hii nina upande, na sifichi.) Inasimuliwa kwamba siku moja baiskeli yake ilipata pancha, na pale kwa fundi akaona tairi la lori likivalishwa mpira mpya kwa moto. Akarudi na umbo la mguu, akaomba limwagiwe mpira. Mguu wa kwanza haukudumu. Walihangaika naye madaktari, P. K. Sethi akiwa mbele, hadi wakapata mchanganyiko: sponji ya mpira kisiginoni na vidoleni, kipande cha mbao ndani, halafu mpira mgumu wa rangi ya ngozi juu, vyote vikipikwa pamoja ndani ya kalibu. Mguu ukapinda. Ukaingia matopeni bila kiatu. Sehemu ya juu waligonga kwa alumini, kazi ambayo mafundi wa sufuria wa Jaipur waliijua tangu zamani.

Mwaka 1981 Sethi alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Alistahili, sikatai. Lakini jina la Sharma huwa linakuja baadaye, kama linakuja.

Hata hivyo kubuni ni kitu kimoja, kumfikia mtu ni kingine kabisa. Kwa miaka saba ya kwanza waliovishwa mguu huo walikuwa wachache mno. Kilichobadilisha mambo ni D. R. Mehta, mtumishi wa serikali ambaye mwaka 1969 nusura apoteze mguu wake kwenye ajali ya gari. Mwaka 1975 alianzisha shirika la BMVSS na kubadilisha mambo yanayoonekana madogo: ukifika unapokelewa saa yoyote, unalala na kula pale, hutoi hata senti, na hurudishwi nyumbani na tarehe ya wiki ijayo. Mtu aliyetoka mbali kwa gari moshi hana nauli ya kurudi mara tatu. Mafundi, madaktari na wafadhili kila mmoja alishika kipande chake, na mguu wenyewe haukuwekewa hataza, kwa hivyo yeyote aliruhusiwa kuuiga.

Kwetu, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Kwenye karatasi tuko sawa. Mtaani kwetu kuna jamaa aliyepewa kiti cha magurudumu kwenye hafla yenye mahema na hotuba. Magurudumu ya mbele yalikuwa madogo kama ya troli ya supamaketi, na mvua ya kwanza tu yakazama kwenye matope mbele ya geti. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anaishi barabara gani. Akakipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale steji. Fundi hakushika hata kipimo. Alimwambia kwanza amwonyeshe njia anayopita. Wakatembea nayo mpaka mwisho, mmoja akisukuma, mwingine akionyesha mashimo, ndipo yule fundi akaenda kutafuta magurudumu ya baiskeli ya mtoto.